Kuhesabiwa ni Haki: Historia ya Kisiasa ya Mbiri na Kiharu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya viongozi wa walei na wajumbe wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo)



Tume ya Haki na Amani imeombwa izungumze juu ya wajibu wa raia wakati wa uchaguzi. Tungeweza kuanza kwa kuzisoma sheria, kifungu baada ya kifungu. Tumeona ni afadhali tuanze na historia ya mahali pamoja panapojulikana, kwa maana sheria hueleweka vizuri zaidi mtu akijua ni maumivu gani yaliyoileta. Mahali hapo ni Kiharu, eneo bunge la Murang'a ambalo kwa miaka mingi baada ya uhuru liliitwa Mbiri.

Tumeichagua Kiharu kwa sababu mzee aliyezaliwa huko kabla ya Hali ya Hatari ameyaona yote kwa macho yake. Ameona watu wakinyimwa kura. Ameona waziri mkubwa akiondolewa kwa amani na wakulima. Ameona raia wakipangwa foleni kama wanafunzi, na safu fupi ikitangazwa kuwa ndefu. Kisha ameona karatasi ya kura ikirudi, na noti za fedha zikiifuata nyuma.

Katika hayo yote tunapenda kuonyesha jambo moja. Kura ya mtu mdogo hulindwa na nguzo mbili: siri wakati wa kupiga, na uwazi wakati wa kuhesabu. Nguzo moja ikianguka, ya pili haiwezi kulibeba paa peke yake.

1. Mahali na watu wake

Kiharu iko kwenye miteremko ya mashariki ya milima ya Nyandarua. Nchi yake ni migongo mirefu iliyotenganishwa na mito. Mji wa Murang'a umo ndani yake, lakini wapigakura walio wengi ni wakulima wadogo wenye kahawa, mahindi, migomba na ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa. Huko Gaturi ndiko kuliko Mukurwe wa Nyagathanga, mahali ambapo mapokeo ya Wakikuyu yanasema ndipo taifa lao lilipoanzia.

Zamani hapakuwa na mfalme juu ya migongo hiyo. Mashauri yaliamuliwa na baraza la wazee, yaani kiama, na mamlaka yalipita kutoka kizazi kimoja hadi kingine kwa sherehe iliyoitwa ituika. Mtawala alijua tangu mwanzo kwamba iko siku atakabidhi.

Mkoloni alipofika alijenga ngome mahali palipoitwa Mbiri. Afisa wake, Francis Hall, alifariki mwaka 1901, na mahali hapo pakaitwa Fort Hall kwa kumbukumbu yake. Tangu hapo machifu waliteuliwa na serikali, na aliyeteuliwa alimjibu yule aliyemteua. Mabaraza ya wenyeji yalipoanzishwa katika miaka ya 1920, mkuu wa wilaya ndiye aliyekuwa mwenyekiti.

2. Sauti isiyo na kura

Watu wasio na kura hawakukosa sauti. Katikati ya miaka ya 1920, wilaya hii ya Fort Hall ndiko kulikozaliwa chama cha Kikuyu Central Association, na miongoni mwa viongozi wake walikuwa Joseph Kang'ethe na James Beauttah. Walidai ardhi, walidai elimu, walidai kusikilizwa.

Mfano ulio mkubwa zaidi kwa maoni yetu ni ule wa akina mama. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali iliwalazimisha wanavijiji kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, na mzigo mkubwa wa kazi hiyo uliwaangukia wanawake. Mwaka 1947 na 1948 wanawake wa Murang'a walikataa. Waliacha majembe wakaandamana hadi ofisi ya mkuu wa wilaya. Hawakuwa na mbunge wala diwani wa kumwendea. Walikuwa na miguu yao tu, na waliitumia. Tunawataja leo kwa kuwa mara nyingi historia ya siasa husimuliwa kana kwamba iliendeshwa na wanaume peke yao.

3. Hati ya uaminifu

Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Katika Mkoa wa Kati wanaume wengi walitiwa kizuizini, na familia zikahamishwa kwa nguvu kutoka migongoni zikasongamanishwa katika vijiji vyenye walinzi. Wakati huohuo serikali ilianza kuyapima upya mashamba na kuyaunganisha. Katika Fort Hall kazi hiyo iliingiwa na hila nyingi hata ikabidi irudiwe. Aliyekuwa kizuizini hakuwepo kuonyesha mpaka wake.

Ndipo ulipokuja uchaguzi wa kwanza wa Waafrika kuingia Baraza la Kutunga Sheria, mwezi Machi 1957. Kura hiyo ilitolewa kwa vipimo vya elimu, mali na utumishi, na mtu mmoja aliweza kuwa na kura hadi tatu. Kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru kiliongezwa kipimo kingine: ilikuwa lazima uwe na hati ya kuthibitisha uaminifu wako kwa serikali. Mwenye hati alipiga kura, na asiyekuwa nayo aliachwa nje.

Tuitafakari hati hiyo. Mtawala alikwisha kuchagua wapigakura kabla wapigakura hawajamchagua mtu yeyote. Na aliyeitoa hati aliishi kijijini pamoja na aliyeiomba. Alijua nani ana ugomvi naye wa shamba. Hivyo ardhi na kura zikafungwa kwa kamba moja.

Mwaka 1958 viti vya Waafrika viliongezwa, na miongoni mwa walioingia alikuwa Dkt. Julius Gikonyo Kiano, mzaliwa wa Murang'a, anayetajwa kuwa Mkenya wa kwanza kupata shahada ya uzamivu. Uchaguzi wa mwaka 1961 ulipanua sana idadi ya wapigakura, na ule wa Mei 1963 ukampa kila mtu mzima kura moja. Akina mama waliogomea matuta wakapiga kura sawa na machifu waliowaamrisha kuyachimba.

4. Mbiri yamwondoa waziri

Baada ya uhuru Dkt. Kiano aliiwakilisha Mbiri kwa muda mrefu, huku akishika wizara mbalimbali, zikiwemo Serikali za Mitaa na Biashara na Viwanda. Wakati huo ndipo harambee iliposhamiri. Shule, zahanati na miradi ya maji ilijengwa kwa shilingi na mawe ya wananchi wenyewe. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Murang'a, kilichopata hadhi hiyo mwaka 2016, chimbuko lake ni chuo cha harambee.

Lakini harambee ilikuwa na upande wa pili. Mbunge alianza kupimwa kwa kiasi anachoweka mezani siku ya mchango, kuliko kwa sheria anazozitetea Bungeni. Tutairudia hoja hii baadaye, kwa sababu mbegu iliyopandwa wakati ule bado inazaa.

Tangu 1969 nchi ilikuwa na chama kimoja kwa hali halisi, na tangu 1982 kwa sheria. Mwananchi hakuweza kubadili chama kinachotawala. Hata hivyo aliweza kumbadili mbunge, maana kura ilikuwa ya siri. Mwezi Novemba 1979 watu wa Mbiri walifanya hivyo. Walimwacha Dkt. Kiano, waziri tangu mwanzo wa uhuru, wakamchagua Kenneth Matiba, mzaliwa wa Kahuhia, aliyekuwa katibu mkuu wa wizara na baadaye kiongozi wa kampuni kubwa ya bia.

Hatusemi kwamba mmoja alikuwa mwema na mwingine mbaya; wote wawili walikuwa wana wa Murang'a, na kila mmoja ana aliyoyatenda kwa ajili ya nchi. Tunachotaka kionekane ni hiki: mkulima wa kahawa aliingia katika chumba cha kupigia kura peke yake, akaweka alama yake, akatoka, na hakuna chifu wala mwenyekiti wa chama cha ushirika aliyejua alichoandika. Waziri akaenda nyumbani. Hapakuwa na damu.

5. Miaka ya mlolongo

Mwaka 1986 chama kilichotawala, KANU, kiliamua kwamba katika uteuzi wa wagombea, wanachama wapange foleni nyuma ya mgombea wanayemtaka au picha yake. Wananchi wakauita mlolongo. Ikaongezwa kanuni kwamba mgombea atakayepata asilimia 70 au zaidi katika foleni amekwisha kuchaguliwa, na kura ya siri haitafanyika mahali hapo.

Waliouanzisha waliusifu. Walisema ni njia ya Kiafrika, ni rahisi na haina gharama, na kila mtu anaona kwa macho. Ndugu zangu, hebu tujiulize kile kilichoonekana. Mwalimu alionekana na mwalimu mkuu wake. Mpangaji alionekana na mwenye nyumba. Mke aliyesimama nyuma ya mgombea asiyekuwa wa mumewe alirudi naye nyumba moja jioni. Mkulima aliyedai malipo yake ya kahawa alionekana na karani anayeandika hundi. Na juu yao wote alisimama chifu, akitazama.

Hayo ni upande wa kupiga. Upande wa kuhesabu ulikuwa na kasoro kubwa zaidi. Karatasi za kura zikibishaniwa, sanduku hufunguliwa zikahesabiwa tena mbele ya hakimu. Mlolongo ukibishaniwa hakuna cha kufungua. Watu wamekwisha kwenda kukamua ng'ombe. Ushahidi pekee uliobaki ni tarakimu iliyoandikwa na afisa katika kipande cha karatasi, naye aweza kuandika apendavyo. Kwa hiyo mlolongo uliligeuza jambo juu chini: palipotakiwa siri pakawa hadharani, na palipotakiwa uwazi pakawa giza.

Makanisa yaliliona hilo mapema. Baraza la Kitaifa la Makanisa lilipinga mlolongo mwezi Agosti 1986, na maaskofu Wakatoliki nao wakaeleza wasiwasi wao. Mchungaji anayesimama hadharani nyuma ya mgombea mmoja atawahudumiaje kesho wale waliosimama nyuma ya mwingine? Viongozi kama Askofu David Gitari, Askofu Henry Okullu, Askofu Alexander Muge na Mchungaji Timothy Njoya hawakunyamaza. Baada ya uchaguzi wa Machi 1988, jarida la Beyond la Baraza hilo la Makanisa lilichapisha habari za udanganyifu uliofanyika. Likapigwa marufuku, na mhariri wake akashtakiwa na kufungwa.

Katika Kiharu Bwana Matiba alirudi Bungeni mwaka huo wa 1988 akawa waziri. Miezi michache baadaye ulifuata uchaguzi wa viongozi wa chama mashinani. Bwana Matiba alilalamika kuwa matokeo ya eneo lake yalichakachuliwa, na Desemba 1988 akajiuzulu uwaziri. Kujiuzulu kwa hiari lilikuwa jambo lisilozoeleka. Chama kilimfukuza, na kwa sheria ya wakati ule aliyefukuzwa chamani alikipoteza kiti chake cha Bunge. Sauti za maelfu ya wapigakura zikafutwa kwa uamuzi wa kikao cha chama.

Mapema mwaka 1989 uchaguzi mdogo ulifanyika, kwa mlolongo. Miongoni mwa wagombea alikuwemo Dkt. Kiano, yule yule aliyeondolewa mwaka 1979. Walioshuhudia walieleza kuwa safu yake ilikuwa ndefu kupita ya mpinzani wake. Matokeo yaliposomwa yalikuwa kinyume, na mpinzani akatangazwa mshindi.

Tuwalinganishe Dkt. Kiano wa mwaka 1979 na yule wa mwaka 1989. Mara ya kwanza alishindwa na kura za siri zilizohesabiwa, na jamii ikakubali. Mara ya pili alishindwa na tarakimu ambayo watu waliokuwepo uwanjani hawakuiamini. Kushindwa kwa haki hakumvunjii mtu heshima, na jamii husonga mbele. Lakini mshindi asiyeaminika huacha kidonda kwa kila mtu, hata kwa wale waliomtaka.

6. Karatasi yarudi

Kidonda hicho kilisaidia kuileta nchi kwenye mageuzi. Mwezi Mei 1990 Bwana Matiba na Bwana Charles Rubia walidai hadharani mfumo wa vyama vingi. Tarehe 4 Julai walitiwa kizuizini, na siku tatu baadaye zikaanza ghasia za Saba Saba, zilizoenea kutoka Nairobi hadi miji mingine. Chama kiliunda kamati chini ya Profesa George Saitoti, ikazunguka nchini kusikiliza wananchi. Wananchi walisema waziwazi kwamba hawautaki mlolongo. Mwezi Desemba 1990 mkutano wa wajumbe wa chama uliufuta, pamoja na kanuni ya asilimia 70. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1991, kifungu cha 2A cha Katiba kilichoruhusu chama kimoja tu kilifutwa.

Bwana Matiba alitoka kizuizini akiwa na afya iliyovunjika kwa kiharusi. Tarehe 29 Desemba 1992 watu wa Kiharu walimrudisha Bungeni kwa tiketi ya FORD-Asili, na katika kura za urais akawa wa pili nchini kwa asilimia 26 hivi. Mwaka 2017 Mahakama Kuu iliamuru serikali imlipe fidia kwa mateso aliyoyapata. Alifariki Aprili 2018, Dkt. Kiano alikuwa amemtangulia mwaka 2003.

Tangu uchaguzi wa 1997, Kiharu imewachagua Ngenye Kariuki, Kembi Gitura mwaka 2002, Muturi Mwangi mwaka 2007, Irungu Kang'ata mwaka 2013, na Ndindi Nyoro mwaka 2017 na tena 2022. Orodha hiyo yaonyesha kwamba wapigakura hawa hawaogopi kubadili.

Nguzo ya pili, yaani uwazi wa kuhesabu, ilichelewa. Mwaka 1992 na 1997 masanduku bado yalisafirishwa hadi ukumbi mmoja wa kuhesabia, na njia ni ndefu usiku. Tangu 2002 kura huhesabiwa palepale kituoni. Mwezi Juni 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba matokeo ya urais yaliyotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho, wala hayawezi kubadilishwa huko Nairobi. Na mwaka 2022 Tume ya Uchaguzi iliweka fomu za matokeo ya urais za vituo kwenye mtandao, kila mwenye simu akaweza kuzisoma na kujumlisha mwenyewe. Umbali kutoka mlolongo wa 1989 hadi hapo ni mkubwa, na walioulipia ni watu.

7. Hatari iliyopo sasa

Ikiwa kuhesabu kumekuwa wazi zaidi, basi anayetaka kuiba hurudi kuivunja ile nguzo ya kwanza. Hivi leo siri ya kura haivunjwi na foleni. Huvunjwa na fedha. Anayenunua kura hana hakika na alichonunua mpaka aone. Ndiyo maana humtaka mpigakura apige picha ya karatasi yake kwa simu, au humshauri mzee anayejua kusoma ajifanye hajui ili wakala asimame karibu naye. Wengine hukusanya namba za vitambulisho kijijini, ili masikini aamini kwamba anajulikana. Huo ni mlolongo uliorudi kwa mlango wa nyuma. Sheria inawashika wote wawili, mtoaji na mpokeaji.

Hapa ndipo mbegu ya harambee tuliyoitaja inapozaa. Mwaka 2003 ilitungwa sheria ya Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge, iliyotenga angalau asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali kwa ajili ya maeneo yote. Madarasa yamejengwa, na watoto wa maskini wamelipiwa karo, hilo hatulikani. Lakini mzazi anapopokea hundi ya karo huku akimshukuru mbunge kama mfadhili, amesahau kwamba fedha hiyo ni kodi yake ya sukari na mafuta ya taa. Mwezi Agosti 2022 Mahakama ya Juu ilitamka kuwa sheria ya mwaka 2013 kuhusu hazina hiyo ilipingana na Katiba, kwa kuwa ilichanganya kazi ya kutunga sheria na kusimamia serikali na ile ya kutekeleza miradi. Mwenye kugawa fedha hawezi kuwa ndiye mkaguzi wake.

8. Tufanye nini?

Tunapendekeza kila jumuiya ndogo ndogo ichukue hatua hizi:

(a) Kabla ya uchaguzi, wanajumuiya wahakikishe majina yao yamo katika daftari la wapigakura, na wawasaidie wazee kufanya hivyo.

(b) Asiwepo wa kumpa mtu mwingine kitambulisho chake, hata kwa saa moja.

(c) Mzee au mgonjwa anayehitaji msaada kituoni asindikizwe na mtu anayemwamini mwenyewe.

(d) Vijana wachache wajitolee kubaki karibu na kituo hadi matokeo yabandikwe mlangoni, wayanakili na kuyalinganisha na yatakayotangazwa.

(e) Orodha ya miradi ya hazina ya eneo bunge na gharama zake iombwe na isomwe hadharani kila mwaka.

Hakuna katika hayo linalohitaji fedha nyingi. Linahitajika jicho, kalamu na uvumilivu wa usiku mmoja.

Ndugu wapendwa, akina mama wa 1948 hawakuwa na kura ya kulinda. Wakulima wa 1989 walikuwa nayo, wakaporwa mchana peupe. Sisi tunayo, na sheria iko upande wetu kuliko ilivyokuwa upande wao. Tukiiuza kwa bei ya unga wa siku mbili, hatutapata mahakama ya kuilalamikia. 

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Wazee wa jumuiya yetu wanakumbuka nini juu ya mlolongo wa mwaka 1988? Nani aliogopa kusimama mahali alipotaka, na kwa nini?

2. Ni njia zipi zinazotumiwa katika kijiji chetu kuivunja siri ya kura?

3. Je, twamjua mbunge wetu kwa sheria alizozitetea, au kwa michango aliyotoa?

4. Nani kati yetu yuko tayari kubaki kituoni hadi matokeo yabandikwe?